Kilimo kiligatuliwa Kenya, utafiti wa kilimo haukugatuliwa

Wengi huamini kwamba Katiba ya 2010 ilipozikabidhi kaunti kilimo, ilizikabidhi pia pesa za utafiti wa kilimo. Ndiyo maana mkulima wa minazi pale Kilifi humlaumu gavana akikosa miche bora, ilhali kituo cha utafiti kiko Mtwapa, mwendo mfupi tu kutoka shambani kwake.

Tatizo ni kwamba kituo hicho si cha kaunti. Ni cha KALRO, shirika la serikali kuu la utafiti wa kilimo na mifugo lililoundwa kwa sheria ya 2013, likaunganisha taasisi zilizokuwa zikijitegemea: KARI, iliyokuwa taasisi ya utafiti wa kilimo, na zile za utafiti wa kahawa, chai na sukari. Yaani katika mwaka uleule ambao kaunti 47 zilianza kazi, utafiti ulikuwa ukikusanywa chini ya paa moja. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti ukuzaji wa mimea, ufugaji na udhibiti wa magonjwa yake. Maafisa wa ugani wakaenda kaunti, watafiti wakabaki kwa serikali kuu. Anayevumbua mbegu na anayeipeleka kwa mkulima sasa wana waajiri wawili.

Je, pesa za utafiti zigawanywe sehemu 47? Sidhani. Ugonjwa wa mahindi haujui mpaka wa Bomet na Narok, na maabara moja nzuri ni ghali. Ila kaunti inaweza kutenga fungu lake na kukiagiza kituo kichunguze tatizo lake yenyewe. Kuamua swali la utafiti pia ni mamlaka.