Quack: bata, makanjanja na mwangwi

Neno la Kiingereza quack hubeba mambo mawili: mlio wa bata, na daktari feki. Kwa kuwa yote yamekaa kwenye neno moja, watu wameliunganishia hadithi nyingi.

Dhana: daktari feki huitwa quack kwa sababu anapiga kelele kama bata

Jina hilo halikuzaliwa Uingereza. Lilivuka bahari kutoka Uholanzi katika karne ya 16, likiwa refu: kwakzalver. Nusu ya pili inatokana na zalf, yaani marhamu, dawa ya kupaka. Nusu ya kwanza kwa kawaida huhusishwa na kwaken, kupayuka na kujigamba. Kwakzalver basi ni mtu anayenadi marhamu sokoni huku akiapa kwamba kikopo kimoja kinatibu jino, macho na mgongo. Ukimsikia machinga na kipaza sauti chake, "dawa ya mende, panya, kunguni", umeshapata picha. Tofauti ni kwamba mende wa machinga pengine hufa kweli.

Waingereza waliliita quacksalver, na karne ya 17 wakalikata, ikabaki quack. Hapo ndipo lilipokutana na bata, ambaye mlio wake ulikuwa umeandikwa zamani: mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer, katika shairi lake la bunge la ndege la karne ya 14, anamliza bata "quek quek". Hata hivyo bata hachomoki kabisa kwenye kesi hii, maana kwaken lenyewe ni neno la kuiga sauti, na Waholanzi hulitumia kwa bata na kwa chura vilevile.

Wapo wanaosema asili yake ni zebaki, kwa Kiingereza quicksilver, kwa kuwa matapeli waliitumia kutibu kaswende. Hadithi tamu, ila zebaki hiyohiyo waliitumia hata madaktari walioheshimika wa enzi hizo. Isingeweza kuwa alama ya tapeli.

Dhana: quack ni mganga wa kienyeji

Hapana. Quack ni anayejidai ana ujuzi asio nao. Kwetu tungemwita kanjanja. Mkunga wa jadi anayejua mwisho wa uwezo wake na kumpeleka mama hospitali mapema hastahili jina hilo. Mwenye shahada anayeuza tiba anayojua haifanyi kazi anastahili.

Dhana: bata wote husema quack

Quack ile nzito ya kwenye katuni ni ya jike, hasa wa jamii ya mallard, ambaye ndiye asili ya bata wengi wa kufugwa. Dume wake ana sauti ndogo ya kukwaruza. Sauti ya ndege haitokei kooni bali chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafu, na kwa dume sehemu hiyo ina uvimbe wa mfupa ambao jike hana. Bata wanaofugwa sana vijijini kwetu, muscovy, ni ukoo mwingine uliotoka Amerika ya Kati na Kusini, na dume wao hutoa pumzi ya kufoka tu. Mwenye bata hao akishangaa kuambiwa bata husema quack, ana haki. Wafaransa nao husikia coin-coin, Wadenmaki rap-rap.

Dhana: mlio wa bata hauna mwangwi

Hii imeenea mno, na imepimwa. Mwaka 2003, Trevor Cox, mtaalamu wa sauti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, alimrekodi bata aitwaye Daisy kwenye chumba kinachomeza sauti, kisha kwenye chumba kinachoirudisha. Mwangwi ulikuwapo. Ni mgumu kuutambua kwa sababu mlio wa bata haukatiki ghafla bali hufifia, na mwangwi hujificha ndani ya kufifia huko. Tena bata hukaa majini, mahali pa wazi, ambako mara nyingi hakuna ukuta wala jabali la kurudisha sauti.