Nani Aliona, Nani Aliandika?

Nafundisha Agano Jipya, na kila muhula hakosi mwanafunzi wa kuniambia: "Mwalimu, Mathayo alikuwepo, kaandika aliyoyaona." Simbishii. Namwambia afungue Mathayo 9:9 na Marko 2:14, asome zote mbili.

Habari ni moja, maneno karibu yale yale: Yesu anapita, anamwona mtu ameketi forodhani, anamwita. Kwa Marko mtu huyo ni Lawi; kwa Mathayo ni "mtu aitwaye Mathayo", kama vile msimuliaji anamtaja mtu baki. Na si hapo tu. Marko ina aya 661 hivi, na takriban 600 kati ya hizo zimeingia katika Mathayo kwa namna moja au nyingine. Ndiyo maana wataalamu wengi, nami nikiwemo, tunaamini mwandishi wa Mathayo alikuwa na Marko mkononi. Sasa, mtu aliyeitwa mwenyewe pale forodhani, kisa cha kuitwa kwake akakichukue kwa Marko, ambaye hakuwa hata mmoja wa wale Thenashara, mitume kumi na wawili?

Wapo wanaojibu kwamba nyuma ya Marko yuko Petro. Jibu hilo linatoka kwa Papias, askofu wa Hierapoli (leo ni Uturuki), mwanzoni mwa karne ya 2. Alisema Marko alikuwa mkalimani wa Petro, akaandika kwa uangalifu aliyoyakumbuka, ila si kwa mpangilio. Vitabu vyake vitano vimepotea. Tunavisoma vipande vipande kwa Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, ambaye, ajabu, alimwona Papias kuwa mtu wa akili ndogo. Hapa mimi namwamini Papias kiasi, maana anayetunga sifa angemchagua mtume, si mkalimani wake, wala asingekiri kwamba mpangilio haupo. Lakini Papias huyo huyo asema Mathayo aliyapanga maneno ya Bwana kwa Kiebrania, na Injili tuliyo nayo ni ya Kigiriki, tena haina dalili za kutafsiriwa. Ukilikubali neno lake moja na kulikataa la pili, sema kwa nini.

Luka hana fumbo: aya zake nne za kwanza zinakiri kwamba alipokea kwa mashahidi. Yohana 21:24 ndiyo inayonikosesha usingizi. Inamtaja mwanafunzi aliyeshuhudia na kuandika, kisha inaongeza: "nasi twajua ya kuwa ushuhuda wake ni kweli." Hao "sisi" ni watu wengine, wanamdhamini shahidi wao, na jina lake hawalitaji. Majina yote manne ya waandishi wa Injili kwa pamoja tunayakuta kwanza kwa Irenaeus, askofu wa Lyon, karibu mwaka 180.