"Tumeshiriki maonesho ya madini": banda lenu lilikuwa namba ngapi?

Wiki hii peke yake nimeona stetasi tatu za watu ninaowajua, wote wamesimama mbele ya lori kubwa la njano, kofia ngumu mpya kichwani, mmoja stika ya bei hata hajaibandua, na maneno ya chini ni yaleyale, "Tumeshiriki maonesho ya madini". Huyo wa stika nikampigia, nikamwambia hongera, banda lenu namba ngapi nije kesho? Akacheka. "Banda gani tena kaka, mi nimekuja kuzunguka tu."

Haya, tuelezane.

Kushiriki maonesho, kwa watu wanaofanya hiyo kazi, ni kuwa mwoneshaji. Umelipia eneo, umeweka kitu chako pale, na una mtu anayesimama kukieleza toka geti linafunguliwa mpaka linafungwa. Maana yenyewe ndo hiyo, haina mengi. Aliyeingia getini akazunguka, akakusanya kalamu na mifuko ya bure, ni mtembeleaji. Katikati yao kuna mjumbe, yule anayelipia kukaa ukumbini kusikiliza mada na kukutana na watu, kama wengi wanaokwenda Mining Indaba ya Cape Town kila Februari, ambayo ni mkutano kwanza na mabanda yanafuata, na hata hilo jina indaba ni neno la Kizulu, kikao cha kujadili jambo. Mjumbe anaweza kuwa ametoa hela nyingi kuliko mwenye kibanda kidogo kwenye maonesho ya Geita, lakini haoneshi kitu, kwa hiyo si mwoneshaji.

Sasa mgogoro wangu ni na hili neno kushiriki, maana tumelichukulia kama ni namna ya heshima ya kusema "nilikuwepo".

Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa sh-r-k, kuwa na fungu lako kwenye kitu pamoja na mwenzio. Ndugu zetu walioko Maskati wanaliona kila siku kwenye vibao vya kampuni, sharika, yaani watu waliotia mali pamoja. Kwetu limezaa ukoo mzima, shirika, mshirika, ushirikiano, na ushirika ule wa wakulima wa pamba na kahawa ambao huwezi kudai gawio kama hujawahi kupeleka hata kilo moja. Hata ushirikina umo humohumo. Asili yake ni kumfanyia Mungu washirika, kumpa mwingine fungu lisilokuwa lake, hizo habari za hirizi na mbuzi mweupe wa kuzungushwa kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, zimekuja kupanda juu baadaye. Kwa hiyo kila ukilivua hilo neno unakuta fungu. Hakuna fungu, hakuna kushiriki.

Na watu wa machimboni ndio walitakiwa kulielewa kuliko wote. Nenda kwenye duara lolote siku mawe yanapandishwa juu uangalie mgao. Mwenye leseni ana mifuko yake, mwenye duara ana yake, wachimbaji wana yao, aliyelisha kambi naye hajasahaulika. Halafu pembeni kuna jamaa amekaa kwenye gogo tangu asubuhi anaangalia, ameshuhudia kila kitu, pengine na picha amepiga. Mifuko yake mingapi? Au twende juu kwa wakubwa, Twiga Minerals, ile kampuni ya pamoja ya migodi ya dhahabu, Barrick ya Kanada asilimia 84 serikali asilimia 16, pale ukisema serikali ni mshirika umesema sawasawa. Zile kanuni za mwaka 2018 nazo zinaitwa za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye sekta ya madini, na sidhani kuna mtu alizielewa kwamba Mtanzania aletwe mpaka kwenye uzio wa mgodi aangalie.

Najua kuna mtu atasema kamusi inaruhusu, kwamba kushiriki ni kujiunga na wenzio kwenye jambo, mbona tunasema nimeshiriki msiba, nimeshiriki ibada. Sawa kabisa, lakini msibani umefanya nini? Umetoa rambirambi, umelala nje kwenye mkeka, umeshika koleo, umetupa udongo. Aliyepita na bodaboda akaona turubai hajashiriki msiba, ameuona. Kanisani wanaoshiriki meza ya Bwana wanakula na kunywa. Na ukisimama pembeni ya barabara Moshi siku ya Kilimanjaro Marathon ukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, bado hujashiriki mbio, na hutapewa medali.

Mimi hili limeniumiza mwenyewe ndo maana nina maneno mengi. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye kampuni moja ndogo Mwanza, tunauza pampu za kutolea maji mashimoni na spea zake. Bosi akarudi toka kikao akatangaza, "jamani mwaka huu tunashiriki maonesho ya madini". Vijana tukachangamka. Vipeperushi 500, bango la kusimama, fulana zenye nembo, tukakodi Noah, pampu moja ya mfano tukaifunga nyuma ya siti kwa mpira wa baiskeli. Tunafika getini mlinzi anauliza, banda namba ngapi? Nikamwambia sisi ni washiriki. Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyepotea sokoni, akasema taratibu, "Washiriki wa banda au washiriki wa macho?"

Nampigia bosi. "Banda? Nani kasema banda? Nilisema mkashiriki, mkaone wenzenu wanafanyaje!"

Pampu ikashinda kwa mama ntilie nje ya geti, imefunikwa khanga, na kila tukipita anauliza kama hiyo ni mashine ya juisi. Lakini kilichouma si hicho. Ndani nilikutana na jamaa wa idara ya manunuzi ya mgodi mmoja, tukaongea vizuri sana, akaniuliza maswali ya maana, inasukuma maji juu mita ngapi, spea zinapatikana hapa au mpaka ziagizwe, mna fundi anayeweza kuja saiti usiku? Nikajibu yote. Mwisho akasema poa, mko wapi nipite niione. Mtu mzima nikaanza kueleza habari za mama ntilie. Akaniambia "basi nikipita bandani kwenu tutaongea zaidi", akaondoka, na mimi hata leo nikikumbuka nasikia aibu.

Hapo ndipo utajua kwa nini watu wanalipia. Kwenye maonesho ya madini hakuna mtu anayenunua mtambo wa kusagia mawe akauweka begani, hili si gulio, na ukihesabu mauzo ya siku ile utalia. Unachonunua kwa ile hela ni mahali, kwamba mtu akikuuliza mko wapi una jibu. Mfano mzuri ni kule Toronto, kila Machi, kwenye maonesho ya watafiti wa madini ya PDAC, kuna sehemu kampuni zinapanga trei za mwamba uliotolewa ardhini kwa drili, vipande virefu vya mviringo kama miwa ya mawe. Hauzwi mwamba pale. Anayesimama na ile trei anatafuta mwenye mtaji amwamini kwamba chini kuna kitu.

Na gharama sasa. Eneo la kawaida kwenye maonesho mengi ni mita 3 kwa 3, unaweza kupewa limeshajengwa kuta na meza au ukapewa sakafu tupu ujenge mwenyewe, na hiyo sakafu tupu ndiyo inayowadanganya wageni maana bei yake inaonekana ndogo mpaka ukumbuke umeme, taa, fundi, usafiri na malazi ya watu wa kusimama. Ukitaka kuona mwisho wake angalia MINExpo ya Las Vegas, inafanyika kila baada ya miaka 4 (ya 2020 ikasogezwa 2021 kwa sababu ya korona, ikafuata ya Septemba 2024), siku 3 tu. Kwa siku hizo 3 watengenezaji wanaleta mitambo ya migodini yenyewe. Lori la daraja la Cat 797F linabeba kama tani 363, halipiti barabara ya kawaida, likisafirishwa ni vipandevipande kwenye matrela, kisha mafundi wanaliunga palepale, watu wanapiga picha, linafunguliwa tena linaondoka. Na Marekani kwenye kumbi zao kuna ada ya kushusha mzigo na kuufikisha kwenye eneo lako, inahesabiwa kwa kila paundi 100 za uzito! Mtu amepitia yote hayo, halafu wewe uliyepiga naye picha kwa sekunde 10 unaandika "tumeshiriki". Tumeshiriki na nani?

Halafu kuna wale ambao wakiona nimeandika maonesho watakimbilia kunisahihisha kwamba ni maonyesho. Hilo halinikeri hata kidogo. Ona lilizaa onya, kama pona ilivyozaa ponya na kana ikazaa kanya, na onya zamani ni kumfanya mtu aone, ndo ikaja kuwa kumtahadharisha, maana anayekuonya anakuonesha hatari iliyo mbele. Onya likaongezewa mkia likawa onyesha. Onesha limetoka kwa ona moja kwa moja, bila kupitia kwa onya. Mabango ya serikali Tanzania yanapenda maonesho, Wakenya wengi wanaandika maonyesho wakiongea wanasema shoo, na yote yanaeleweka. Mwite mwoneshaji au mwonyeshaji, vyovyote, mradi awe na kitu cha kuonesha.

Na kutembelea si aibu, tusije tukaelewana vibaya. Mtembeleaji ndiye anayesubiriwa, bila yeye wenye mabanda wangebaki kuangaliana na kuuziana maji ya chupa. Pale Geita, tangu maonesho ya teknolojia ya madini yaanze 2018, wachimbaji wadogo wanaokwenda kuangalia tu wanarudi wamejua kuna njia ya kuchenjua dhahabu bila zebaki, na hiyo peke yake inatosha nauli. Bosi wetu yule kwa kweli wazo lake halikuwa baya, mwaka wa kwanza nenda katazame, neno ndo alikosea na sisi tukalipa.

Kwa hiyo kaka yangu wa kofia yenye stika, picha ni nzuri, usiifute. Badilisha neno moja tu, andika "tumetembelea", na mwakani ukilipia hata zile mita 3 kwa 3 andika "tumeshiriki" kwa herufi kubwa na uweke namba ya banda, nitakuja na maji ya kunywa maana najua miguu itakuwa inauma.