"Ni hizo dawa tu": maneno wanayoambiwa walio kwenye ARV miaka mingi, na ukweli wake

Ukishameza ARV, yaani dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, miaka kumi na kitu kila mtu anakuwa daktari wako. Kiuno kikikaza ni dawa, ukinenepa ni dawa, ukikonda ndo kabisaa watu wanaanza kunong'ona, na wewe mwenyewe unaanza kuamini.

"Miguu inawaka, basi virusi vimeamka." Hapa ndo watu wanateseka kimyakimya. Usiku mtu anatoa miguu nje ya shuka maana nyayo zinachoma kama kakanyaga makaa, mchana ndala inamvuka njiani hana habari mpaka aangalie chini. Sio lazima virusi viwe vimeamka. Ni kweli virusi vinaweza kuharibu mishipa ya fahamu, na ARV za zamani kama stavudini, ambayo WHO (Shirika la Afya Duniani) tangu 2009 walisema iachwe taratibu, ziliwaachia wengi ganzi ambayo haikuisha hata walipobadilishiwa. Lakini sukari nayo inafanya hivyohivyo, pombe pia, upungufu wa vitamini B12, hata isoniazidi ile ya kukinga TB, ndo maana unapewa pamoja na vitamini B6. Sasa ukishasema "ndo ugonjwa wenyewe huu" sukari utapima lini?

"Virusi havionekani kwenye kipimo, kwa hiyo mimi mzima kabisa." Nusu kweli. Havionekani maana yake humwambukizi mwenza wako kwa ngono, na hilo ni jambo kubwa sana. Ila kinga ya mwili inabaki imechemka kidogo miaka yote, kama jiko lililofunikwa majivu, na mishipa ya damu inachakaa polepole. Hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi inakuwa kama mara mbili ya watu wengine. Utafiti wa REPRIEVE uliotoka 2023 uliwafuata watu zaidi ya 7,700 wa miaka 40 hadi 75 wanaoishi na virusi, wale waliopewa dawa ya kolesteroli iitwayo pitavastatini walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa kama asilimia 35. Kwa hiyo kifua kikibana usijipoze na majibu mazuri ya virusi, na presha pima hata kama huumwi kitu.

"ARV zinamaliza figo." ARV iitwayo tenofoviri, ile aina ya TDF, inaweza kugusa figo na mifupa kwa baadhi ya watu, ndo maana damu inapimwa. Halafu kuna hii inayowatisha watu bure: ARV ya DTG, yaani dolutegraviri, inapandisha kidogo kreatinini (ile taka ya kwenye damu inayopimwa kujua hali ya figo) wiki za mwanzo bila figo kuumia, inaipunguzia tu njia ya kutokea. Macho kuwa ya njano kwa atazanaviri, ARV nyingine, nako mara nyingi hakudhuru, japo usijiamulie mwenyewe, mwachie anayekutibu aseme. Na kunenepa ukiwa kwenye DTG kupo kweli, hujafikiria vibaya.

"Pumzisha mwili kidogo, dawa zimekujaa." Hii ndo mbaya kuliko zote, mimi inanikera kweli. Utafiti wa SMART uliwajaribu watu zaidi ya 5,000, wengine wakawa wanasimamisha dawa CD4, yaani seli za kinga, zikiwa juu. 2006 ikabidi usimamishwe kwa sababu waliopumzika waliugua na kufa zaidi, na sio kwa magonjwa nyemelezi tu, hata moyo, figo na ini, yaani vilevile viungo ambavyo watu wanadhani wanavipumzisha! Dawa ikikutesa kuna nyingine ya kubadilishiwa, omba hiyo.

"Kidonge cha kiungulia hakina shida." Kwa anayetumia DTG kina shida. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zinaishika DTG tumboni isiingie kwenye damu, kwa hiyo meza DTG masaa 2 kabla ya dawa hizo za kiungulia au masaa 6 baada yake. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu hivyohivyo, ila hivi unaweza kuvimeza pamoja na DTG ukiwa unakula. Ukienda kliniki vibebe vyote kwenye mfuko, hata vile vya kienyeji unavyoona aibu kuvitaja, na useme ganzi ilianza lini na imefika wapi, vidoleni au imeshapanda mpaka kwenye kifundo.