Urejelezaji wa vyuma chakavu: maana yake na faida yake kwa mazingira

Urejelezaji ni kukichukua kitu kilichokwisha kazi yake na kukirudisha kuwa malighafi ya kutengenezea kitu kingine. Mkokoteni uliosheheni mabati yenye kutu, rimu na masufuria yaliyotoboka, ukielekea kwenye mizani ya mnunuzi wa skrepa huko Unga Limited jijini Arusha, ni hatua ya kwanza tu ya kazi hiyo, ambayo hukamilika tanurini. Katambuga zinazokatwa kwenye matairi makuukuu hazimo katika maana hii, kwa kuwa mpira hubaki kuwa mpira uleule; huko ni kutumia tena, na pengine ni bora zaidi, maana hakuhitaji moto.

Wengi huisifu skrepa kwa kusafisha mitaa. Ni kweli, lakini faida kubwa haionekani mtaani, kwa sababu iko kwenye mgodi ambao haukuchimbwa. Alumini hutoka katika boksiti, ambayo huchimbwa baada ya kuondoa uoto na udongo wa juu. Ili kupata tani 1 ya alumini huhitajika takriban tani 4 za boksiti, usafishaji wake huacha tope jekundu lenye magadi makali, na mwishowe hutumika umeme mwingi mno kuitenganisha alumini na oksijeni. Sufuria kuukuu ya alumini imekwisha kupita njia hiyo yote, hivyo inachodai ni kuyeyushwa tu, kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi. Ndiyo maana kuirejeleza alumini hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye madini. Kwa chuma cha kawaida akiba hiyo ni ndogo zaidi, ingawa nayo si haba, kwani chuma kipya kwa kawaida hupatikana kwa kuunguza makaa ya mawe yanayotoa hewa ukaa nyingi.

Hata hivyo, faida hii yaweza kuharibiwa kabla skrepa haijafika kiwandani. Anayechoma nyaya ili apate shaba huchoma pia plastiki yenye klorini, na moshi wake hubeba dioksini, sumu inayodumu ardhini na mwilini. Anayemwaga asidi ya betri ya gari mtaroni humwaga na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Kumenya waya kwa kisu huchukua muda mrefu zaidi, lakini shaba yake hutoka ikiwa inang'aa, na mnunuzi huilipa bei nzuri kuliko ile iliyoungua.