Kabla ya kuwanunulia vijana mashine

Kazi yangu ni kulea vyama vidogo vya ushirika vya vijana: waliokatisha masomo, waliotoka gerezani, waliokulia vituo vya watoto. Mfadhili akija, swali lake la kwanza huwa anunue nini. Namsihi asubiri. Mashine ikitangulia kabla wanachama hawajazoea kuamua pamoja, huishia mikononi mwa mwenye sauti kubwa.

Mimi huanza na daftari. Kila mwisho wa wiki mweka hazina hulifungua mbele ya wenzake, akasoma stakabadhi moja baada ya nyingine, na mwanachama mwingine akahesabu fedha za sandukuni kwa sauti. Hesabu zisipolingana, hawaondoki mpaka kosa lipatikane. Baada ya miezi michache kazi hiyo anapewa mtu mwingine. Kijana ambaye maisha yake yote amekuwa akishukiwa wizi, siku anapokabidhiwa ufunguo wa sanduku hubadilika hata anavyokaa kitini. Nimeliona hilo mara nyingi na bado hunigusa.

Jambo la pili ni malipo. Katika ushirika wa kazi, yaani ule ambao wanachama ndio wafanyakazi wenyewe, ziada hugawanywa mwisho wa mwaka kwa kadiri ya kazi ya kila mtu. Lakini asiye na akiba hawezi kungoja mwaka mzima. Atatoroka kwenda kubeba mizigo. Kwa hiyo alipwe kidogokidogo kila wiki, na hisa yake ikatwe humo humo polepole. Kiingilio kikubwa huwafungia mlango wale wale tunaowakusudia.

Uvumilivu huu una mfano wake. Huko Mondragón, Hispania, padri José María Arizmendiarrieta alifungua shule ya ufundi mwaka 1943. Kiwanda cha kwanza cha wanafunzi wake watano kilikuja mwaka 1956, na benki yao ya ushirika mwaka 1959.

Baada ya hapo kinachobaki ni soko, na hapa serikali ina nafasi kubwa. Sheria ya Italia ya mwaka 1991 inatambua ushirika ambao angalau asilimia 30 ya wafanyakazi wake ni watu wenye hali ngumu. Inauondolea ushirika huo michango ya hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi hao, na kuziruhusu mamlaka za umma kuupa ushirika huo kandarasi ndogo bila ushindani wa kawaida. Kandarasi ya usafi au ya bustani, inayolipwa kwa wakati, huwafaa vijana kuliko ruzuku ya mara moja.