"Tusubiri sikukuu ipite": maswali ninayoulizwa kila Desemba kuhusu huzuni na sonona

Desemba ikifika hapa Mwanza, Makoroboi hapapitiki kwa watu wanaowanunulia watoto nguo, na stendi ya Nyegezi imejaa mizigo. Katikati ya pilikapilika hizo, kila mtaa una nyumba yenye mtu asiyetaka kuoga, kula wala kusikia wimbo wa Krismasi. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Maswali haya huletwa na ndugu, mara chache na mgonjwa mwenyewe. Nayajibu bila kuzunguka, maana wengi wanaoyauliza wameshachelewa.

Huzuni na sonona vinatofautianaje?

Huzuni ni maumivu ya kawaida ya kupoteza mtu, kazi, ndoa au afya. Huja na kuondoka. Mtu aliyefiwa anaweza kulia asubuhi na mchana akacheka mkikumbuka vituko vya marehemu.

Sonona ni ugonjwa. Mtu anakosa raha na hamu ya vitu alivyovipenda, karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Anachoka bila kazi. Usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi, au analala kutwa. Chakula hakipiti. Anajiona mzigo, anajilaumu, anasahau alichotumwa dukani. Kwa wanaume wengi haionekani kama kilio: inakuwa hasira, ulevi, au kukaa visiwani miezi bila kupiga simu nyumbani.

Hizo wiki mbili ni za kutambua ugonjwa. Mtu akisema anataka kufa, hakuna kuhesabu wiki. Mlete siku hiyo hiyo.

Shemeji yetu alifariki Agosti. Arobaini imepita zamani, lakini dada bado analia na Krismasi hii hataki hata kupika. Si anajiendekeza?

Hajiendekezi. Arobaini ni utaratibu wa matanga. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba siku ya arobaini na moja mjane ataamka na uso mkunjufu.

Krismasi ya kwanza baada ya msiba huwa nzito kwa sababu kila kitu cha siku ile kina nafasi ya marehemu: nani alichinja kuku, nani alituma nauli, nani alikaa kiti gani kanisani. Mama mmoja aliniambia kwamba msibani alijikaza, kilichomvunja ni mchele. Miaka yote alipima kilo tano. Mwaka ule alisimama mbele ya muuzaji na mfuko mkononi, hajui aseme ngapi, mpaka watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Akaondoka bila kununua.

Kwa hiyo msimlazimishe kushona sare ya familia, na msimtoe katikati ya ukumbi acheze "asahau". Muulizeni anataka nini. Labda ataenda ibadani na kurudi kulala. Labda atapenda mpike kwake ninyi, yeye akae tu. Na jina la marehemu litajeni. Ndugu wengi wanalikwepa wakidhani wanamsaidia, matokeo yake mjane anabaki peke yake na kumbukumbu.

Kuna wale ambao ziwa halikuwarudishia mtu wao. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018, na mitumbwi inapotea bila kutangazwa popote. Aliyekosa mwili wa kuzika husikiliza kila pikipiki inayosimama nje usiku. Huyo mpeni muda mrefu zaidi, lakini mtazameni kwa karibu. Shirika la Afya Duniani linatambua huzuni ya msiba inayomkaba mtu kwa zaidi ya miezi 6, ikamzuia kuishi, kuwa ni tatizo linalohitaji matibabu. Tena anaweza kupata sonona mapema kabla ya miezi hiyo kufika, na sonona nayo inatibika.

Tumeona tusubiri sikukuu zipite, Januari tumpeleke hospitali. Si sawa?

Si sawa. Naomba niseme tena: si sawa.

Najua sababu zenu, nimezisikia zote. Wageni wanakuja, mtaona aibu. Nauli imekwisha. Mmepanga kwenda kijijini, na huko "akiona wenzake atachangamka". Halafu Januari inakuja na ada, sare na daftari, na mashambani palizi. Mgonjwa anasogezwa hadi Februari. Anapofika kwangu ameshakonda, ameacha kazi, au analetwa mgongoni mwa pikipiki akiwa hajitambui.

Sonona haijui kalenda. Tena sikukuu inaizidisha: usingizi unavurugika, pombe iko kila meza, pesa inaisha, na mgonjwa anawatazama watu wote wakifurahi akijiona yeye ndiye mwenye kasoro. Huo ndio wakati mnaomwacha peke yake na kusema "mwacheni apumzike".

Mama ametibiwa taifodi mara tatu tangu Oktoba. Bado anasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio na mwili unachoma. Tumrudie taifodi?

Hapana. Huyu namwona kila wiki, akiwa na bahasha ya vipimo na dawa za antibayotiki alizomeza nusu. Ni kweli apimwe malaria, presha, sukari na wingi wa damu, mara moja na kwa usahihi. Vikiwa sawa, acheni kuzunguka maabara za mtaani. Sonona hujitokeza mwilini: maumivu ya mgongo na kichwa, moyo kwenda mbio, kifua kubana, tumbo kujaa. Mama zetu wengi hawatasema "nina huzuni". Watasema "mwili hauna nguvu".

Mhudumu akikuuliza umelala vipi, umefiwa lini, nyumbani kukoje, usimjibu kwa ukali kwamba umekuja kupimwa. Anakupima.

Amesema "mkinikosa msinitafute". Tukimuuliza kuhusu kujiua, hatutamtia wazo hilo?

Hamtamtia wazo. Hili nalirudia kila siku na nitaendelea kulirudia: kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumfundishi kujiua. Kunamfungulia mlango wa kusema. Kinachoua ni kuogopa kuuliza, kisha kusubiri.

Muulize faraghani, kwa sauti ya kawaida, bila watoto kusikia: "Dada, kwa haya unayopitia, umewahi kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo, usimwambie ni dhambi, usimwambie awafikirie wanawe. Keshawafikiria, na ugonjwa umemwambia watakuwa salama zaidi bila yeye. Mshukuru kwa kukuambia. Usimwache peke yake hata kidogo. Ondoeni au fungieni sumu za pamba na za mifugo, na dawa zote za hospitali zishikwe na mtu mwingine. Kisha mwende hospitali. Usiku huo. Hata kama ni mkesha wa Krismasi.

Mtu anayeaga, anayegawa vitu vyake, anayemkabidhi ndugu watoto, au aliyekuwa amezama wiki kadhaa kisha ghafla akatulia bila sababu, msifurahi kwamba "amepona kwa ajili ya sikukuu". Muulizeni.

Na ikitokea ameshameza kitu, msimnyweshe maziwa wala mafuta, msimtapishe, msikae naye ndani kwa kuogopa polisi au maneno ya majirani. Chukueni chupa au pakiti ya alichomeza, mkimbie naye hospitali.

Tumemwombea, na babu kijijini anasema ametupiwa kitu. Tumalize huko kwanza?

Ombeni. Sina ugomvi na maombi, na mchungaji au shehe mwenye busara ni msaada mkubwa kwangu. Ugomvi wangu ni hilo neno "kwanza". Kwanza maombi ya siku saba, kwanza mganga, kwanza mbuzi auzwe, na mgonjwa amefungiwa chumbani hali chakula, anafungishwa hata maji. Mtu ambaye hajala siku mbili hapaswi kufunga. Dawa na maombi vinaweza kwenda siku moja. Anayekuambia uache dawa ili imani yako ionekane anakuweka hatarini, na kaburini hatakufuata.

Akipewa bia mbili hatachangamka? Hata vidonge vya usingizi vya duka la dawa?

Pombe itamchangamsha saa moja, kisha itakata usingizi wake usiku na kumwangusha zaidi kesho yake. Pia humwondolea mtu breki: wazo la kujiua alilolishinda akiwa mzima, akilewa analitekeleza. Gongo ndiyo kabisa, hata kilichomo hukijui. Kama anatumia amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, pombe itamzidishia usingizi na inaweza kuwa hatari.

Diazepamu, ambayo wengi mnaiita valiamu, haitibu sonona. Humlaza, baada ya wiki chache mwili unaizoea na kuidai, na ikichanganywa na pombe inaweza kuzuia pumzi. Wenye maduka ya dawa mnaouza vidonge hivyo bila cheti, mnajijua.

Watoto wanauliza baba yao, aliyefariki, yuko wapi. Tumewaambia amekwenda visiwani, atarudi Krismasi.

Hili linanikera kuliko mengine, nisamehewe. Mtoto wa miaka sita anahesabu siku. Tarehe 25 atakaa mlangoni na nguo yake mpya, na baba hatatokea. Atajifunza mambo mawili: kwamba baba amemkataa, na kwamba mama ni mwongo.

Mwambieni leo, kwa maneno mafupi: baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, si kosa lako, na mimi nipo. Atauliza tena kesho na kesho kutwa. Mjibuni vilevile. Anaweza kulia dakika tano na kukimbilia mpira. Ni kawaida yao, hana roho ngumu. Akianza kukojoa kitandani, kuogopa kulala, kukataa shule au kusema anataka kumfuata baba, mleteni. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo.

Sikukuu hospitali si zimefungwa? Na tukionekana kitengo cha akili watu watasemaje?

Kliniki za kawaida zinaweza zisifanye kazi tarehe 25 na 26 Desemba na Januari 1. Kitengo cha dharura kinafanya kazi saa 24, na mtu anayetaka kujiua ni mgonjwa wa dharura sawa na aliyegongwa na gari. Sekou Toure ipo, Bugando ipo. Kwa asiye na hatari ya haraka, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kuanzia Buhongwa hadi Kisesa, na hata Ukerewe, upewe rufaa ikihitajika. Ukikwama, piga 199, namba ya Wizara ya Afya, bila malipo.

Watu watasema. Walisema pia ulipojenga.

Ameanza dawa wiki iliyopita na hajabadilika. Na tunasafiri kwenda kijijini tarehe 22. Aendelee nazo?

Aendelee. Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini huchukua kati ya wiki 2 na 4 kuanza kuonyesha nafuu, wakati mwingine zaidi. Siku za mwanzo anaweza kupata kinywa kikavu, usingizi, kichefuchefu au wasiwasi. Akizidiwa au mawazo ya kufa yakiongezeka, arudi mara moja. Akipata nafuu asiache: kwa kawaida huendelea miezi 9 hadi 12 baada ya kupona, na kuacha hufanywa polepole kwa maelekezo. Wale wanaoacha Krismasi kwa kuwa "nimeshachangamka" tunaonana Machi.

Kabla ya kukata tiketi, hesabuni vidonge. Kama havitoshi hadi siku ya kurudi, mwende kliniki kabla ya tarehe 20, msingoje foleni ya mwisho. Dawa zisiwekwe kwenye begi la chini ya basi; azishike ndugu mmoja mzima na kumpa dozi kila siku, hasa amitriptilini, ambayo ikimezwa nyingi kwa pamoja inaua. Chukueni na cheti chake. Kama ana presha, kisukari au anatumia ARV, dawa hizo nazo zihesabiwe, kwa sababu mtu mwenye sonona huanza kuziruka hizo bila kumwambia mtu. Huko kijijini aliyeshika dawa ndiye pia alale chumba kimoja naye.